Upasuaji wa diski ya kiunoni: kwa nini wengine hurudi mara ya pili? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nafanya kazi ya fiziotherapia hapa Dar es Salaam, na wengi ninaowapokea wameshafanyiwa upasuaji wa diski. Maswali haya ndiyo wanayoniuliza wakiwa wamelala kwenye kitanda cha mazoezi, au wanayomtuma dada aje kuniuliza mlangoni kwa sauti ya chini. Nimeanza na ya msingi, nikaacha mwisho yale yanayowahusu wachache. Daktari aliyekufungua mgongo ameona ndani, mimi sikuona. Anapokuambia jambo tofauti na haya kuhusu mgongo wako, mfuate yeye.

## Mambo ya msingi

Diski ni nini, na daktari aliondoa nini hasa?

Kiuno kina pingili 5, na kati ya pingili na pingili kuna diski. Katikati yake mna ute mzito, na nje kuna ukuta wa nyuzi ngumu. Fikiria kitumbua kilichoiva nje huku ndani kikiwa kibichi: ukikikandamiza upande mmoja, uji hutokea upande wa pili. Ute wa diski ukipenya kwa nyuma hukutana na neva inayoshuka mguuni. Ndiyo maana maumivu hukimbia kutoka kwenye tako hadi kwenye wayo, yakiwa na ganzi au moto. Visa vingi hutokea kwenye diski mbili za chini, zile ambazo karatasi ya MRI (kipimo cha picha ya ndani ya mgongo) huziandika L4-L5 na L5-S1.

Daktari aliondoa kipande kilichoibana neva na vipande vingine vilivyolegea. Sehemu kubwa ya diski ameiacha mahali pake. Hakuna diski mpya iliyowekwa, na tundu alilopitia ute kwa kawaida halishonwi. Wagonjwa wengi hushtuka ninapowaeleza hivi, kwa sababu waliporudi kutoka wodini waliambiwa na ndugu kwamba "diski imeshatolewa".

Upasuaji wenyewe si mgeni. Mixter na Barr waliueleza ulimwengu kutoka Boston mwaka 1934, na kufikia mwaka 1977 madaktari walikuwa wameanza kuufanya kwa darubini kupitia kidonda kidogo.

Kwa hiyo diski ileile inaweza kutoka tena?

Inaweza. Diski ya mtu mzima haina mishipa ya damu ya maana. Chakula chake huipata kwa kunyonya polepole kutoka kwenye mifupa ya juu na chini yake. Kitu kisicho na damu hupona taratibu, na kovu linaloziba tundu huwa dhaifu kuliko ukuta wa awali. Ute uliobaki ukisukumwa, njia tayari ipo.

Ni wangapi hurudi kwenye upasuaji?

Tafiti nyingi hutaja kati ya asilimia 5 na 15 ya watu ambao diski yao hutoka tena palepale. Si wote kati yao wanaohitaji kisu tena.

Utafiti mkubwa wa Marekani uitwao SPORT uliwafuatilia wagonjwa 810 waliofanyiwa upasuaji huu. Miaka 8 baadaye, asilimia 15 walikuwa wamepasuliwa tena. Kati ya hao waliorudi, asilimia 62 walirudi kwa sababu diski ilitoka tena. Waliobaki walikuwa na matatizo ya upasuaji au ugonjwa mpya wa mgongo. Ukiugeuza upande wa pili, watu 85 katika kila 100 hawakuonja kisu tena kwa muda wote huo. Nautaja upande huu kwa sababu mitaani husikii habari zao. Aliyepona amerudi dukani kwake. Aliyerudi hospitali ndiye anayezungumzwa.

## Nini huongeza hatari

Diski yangu imetoka tena. Nimekosea wapi?

Hili ndilo swali linaloniumiza kuliko yote. Mama mmoja aliniuliza huku mumewe amesimama pembeni akijibu kwa niaba yake: "Alibeba ndoo, dokta. Nilimkataza." Ilikuwa miezi 7 tangu upasuaji. Tulipozungumza peke yetu akanieleza kwamba ndoo aliibeba Jumapili na hakusikia kitu. Maumivu yalimkamata Alhamisi, alipopiga chafya akiwa amekaa kwenye kiti cha daladala.

Chafya, kikohozi au kujikaza chooni huongeza shinikizo ndani ya diski kwa ghafla. Lakini chafya haikutoboa ukuta ule. Ukuta ulikuwa na tundu tangu siku ya kwanza. Ninapoona familia imemkalia mgonjwa kikao cha lawama, huwa nawaomba wasome jibu linalofuata kabla ya kuendelea.

Ni kitu gani hasa huamua, kama si ndoo?

Kwa maoni yangu, kitu kinachosema mengi zaidi ni kile alichokikuta daktari alipofungua, na hasa ukubwa wa tundu kwenye ukuta wa diski.

Mwaka 2003 Eugene Carragee wa Chuo Kikuu cha Stanford na wenzake waliwagawa wagonjwa kwa kuangalia mambo mawili: kama kulikuwa na kipande kilichojitenga, na tundu lilikuwa na hali gani. Waliokuwa na kipande kilichotokea kwenye ufa mwembamba walifanya vizuri ajabu. Diski ilitoka tena kwa asilimia 1 tu. Waliokuwa na kipande na tundu pana, ilitoka tena kwa asilimia 27. Wagonjwa wa madaktari walewale, upasuaji uleule, tofauti ikawa kubwa kiasi hicho.

Kulikuwa na kundi jingine ambalo nataka kila anayefikiria upasuaji wa kwanza alisikie. Hawa hawakuwa na kipande kilichojitenga. Diski ilikuwa imevimba tu na ukuta wake haujapasuka. Kwa zaidi ya theluthi moja yao, maumivu ya mguu yaliendelea au yalirudi. Upasuaji ulifungua ukuta uliokuwa mzima ili kutafuta kitu ambacho hakikuwepo. Kwa hiyo sehemu ya hatari ya upasuaji wa pili hupimwa kabla ya ule wa kwanza, pale mnapoamua kama kisu kinahitajika kweli (tazama "Ningesubiri ingekuwaje?").

Umbo la diski nalo lina uzito wake. Diski ambayo bado ni nene na pingili zake bado zinacheza sana imeonekana kutoka tena mara nyingi kuliko diski iliyokwisha sinyaa, kwa kuwa bado ina ute wa kusukumwa. Katika SPORT pia, wenye umri mkubwa walirudi mara chache kuliko vijana.

Sigara, sukari na uzito je?

Hapa tafiti hazikubaliani, na sipendi kumtisha mtu kwa jambo ambalo wataalamu wenyewe wanabishania. Uchambuzi uliounganisha tafiti nyingi, uliotoka mwaka 2016, ulikuta wavutaji wana uwezekano wa karibu mara mbili wa diski kutoka tena, na wenye kisukari wana hatari iliyoongezeka kidogo. SPORT kwa upande wake haukuona sigara, kisukari wala unene kuwa na uhusiano na kupasuliwa tena.

Ushauri wangu haubadiliki hata hivyo. Nikotini hubana mishipa midogo ya damu, na diski inaishi kwa kunyonya kutoka kwenye mishipa hiyohiyo. Sukari isiyodhibitiwa huchelewesha kidonda kupona na hukaribisha maambukizi, ambayo nayo humrudisha mtu chumba cha upasuaji. Acha sigara, tena wiki kadhaa kabla ya upasuaji ukiweza, na fika siku hiyo sukari yako ikiwa imetulia. Kuhusu uzito, usianze kujinyima chakula wiki ya pili baada ya upasuaji. Kidonda kinahitaji protini. Kunde, maharage, dagaa, mayai.

Mimi ni dereva wa boda. Mimi ni kuli Kariakoo. Je, kazi yangu itanirudisha?

Kazi ya kubeba mizigo mizito na kazi ya kukaa kwenye mtetemo saa nyingi zote huuchosha mgongo, na zote mbili ndizo zinazowalisha watu wengi wa jiji hili. Kumwambia kuli "usibebe tena" bila kumwambia atakula nini si ushauri.

Tunachofanya ni kupanga kurudi kwa hatua. Dereva wa boda anaanza na safari fupi za lami, anashuka kila baada ya nusu saa na kutembea dakika mbili, anaziacha barabara za mashimo kwa miezi ya mwanzo, na anaangalia kama shokapu za nyuma bado zinafanya kazi. Anayebeba magunia anaomba kwa muda kazi ya toroli au ya kuhesabu mzigo. Akishaweza kunyanyua kilo 20 kwetu mara kumi bila mguu kulalamika, tunaongeza. Wengi hurudi kazini. Wapo niliowashauri wabadilishe kazi, na ni wale ambao diski imeshatoka mara mbili.

Kwa nini daktari asingekwangua diski yote ili isitoke tena?

Wamejaribu. Madaktari wanapotoa ute mwingi zaidi, diski hutoka tena mara chache. Lakini wagonjwa hao hubaki na maumivu ya kiuno kwa muda mrefu kuliko wale waliotolewa kipande tu, kwa sababu diski iliyokombwa husinyaa na pingili hukaribiana. Ni kuchagua kati ya hatari mbili, na madaktari wengi leo huchagua kutoa kidogo.

Ningesubiri ingekuwaje?

Mara nyingi maumivu ya mguu hupungua yenyewe ndani ya wiki 6 hadi 12, na mwili hukinyonya kipande kilichotoka. Mwaka 2007 Uholanzi walichapisha utafiti wa wagonjwa 283: nusu walipasuliwa mapema, nusu wakasubiri. Waliopasuliwa walipata nafuu haraka zaidi. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 95 katika makundi yote mawili walikuwa wamepona. Katika kundi la kusubiri, asilimia 39 waliishia kupasuliwa ndani ya mwaka huo.

Basi kusubiri ni njia halali, isipokuwa mguu unapopoteza nguvu au dalili za hatari zinapojitokeza (tazama "Dalili gani nisisubiri kesho?").

## Nyumbani

Nilale kitandani kwa muda gani?

Usilale. Siku ya upasuaji au kesho yake utasimamishwa, na kuanzia hapo kutembea ndiyo dawa yako ya kwanza. Anza na uani, kisha hadi duka la jirani, ongeza kidogo kila siku.

Hofu ya kusogea ni kubwa kuliko hatari yenyewe. Mwaka 1999 kundi la Carragee lilichapisha matokeo ya wagonjwa 152 ambao hawakupewa masharti yoyote baada ya upasuaji, na kurudi kwao kazini mapema hakukuleta wimbi la diski kutoka tena. Utafiti wa baadaye uliolinganisha masharti ya wiki 2 na ya wiki 6 nao haukuona tofauti. Sisi bado tunaomba tahadhari ya kunyanyua kwa wiki 4 hadi 6, zaidi kwa ajili ya kidonda na misuli. Daktari aliyekuta tundu pana anaweza kukuomba zaidi ya hapo, na ana sababu.

Kubeba maji, kukuna nazi, kufua, kudeki: lini?

Kwenye chumba chetu cha mazoezi kuna ndoo ya lita 20. Ikijaa maji ina kilo 20 na ushee. Tunaanza na maji robo. Miguu unaipanua, mmoja mbele kidogo, ndoo iko kati yake na si mbele yake. Unachuchumaa kwa kukunja magoti, unaivuta hadi iguse tumbo, ndipo unasimama, unapumua nje wakati wa kuinuka. Ukitaka kugeuka, geuza miguu. Kiuno kisijinyonge huku kimebeba. Mara ya kwanza wengi hulowana kanga na kucheka. Ni sawa. Ndoo iliyo mbali na mwili ndiyo inayoumiza, si ile inayokulowesha. Nyumbani, tumia madumu mawili ya lita 5, moja kila mkono, badala ya ndoo moja.

Mbuzi ya nazi naiogopa zaidi ya ndoo. Unakaa chini sana, magoti yamepanda, kiuno kimejikunja mbele, na unasukuma kwa nguvu dakika kumi. Kwa wiki 6 za mwanzo mwachie mwingine, au nunua nazi iliyokunwa sokoni. Beseni la kufulia lipandishe juu ya stuli, ufue ukiwa umesimama. Kudeki kwa kuinama na tambara ngoje hadi mwezi wa pili. Dekio la mpini mrefu unaweza kulitumia mapema.

Sala je?

Uislamu unamruhusu mgonjwa kuswali akiwa ameketi. Rukuu na sijda huzirudia taratibu unapoweza, wengi kati ya wiki ya 4 na ya 6. Wanaopiga magoti kanisani washike benchi wakati wa kushuka na kuinuka.

Tendo la ndoa?

Kidonda kikishapona na ukiweza kutembea nusu saa bila maumivu ya mguu, kwa kawaida baada ya wiki 2 hadi 4. Aliyepasuliwa alale chali au ubavu, mwenzake ndiye afanye kazi kubwa. Sijawahi kuona tafiti zikiliweka jambo hili kwenye orodha ya vinavyorudisha watu hospitali, ingawa ndilo la kwanza watu kulitilia shaka.

Nivae mkanda wa mgongo? Nikachuliwe?

Mkanda hauzuii diski kutoka. Ukikupa ujasiri kwenye safari ndefu, uvae kwa safari hiyo, kisha uuvue. Misuli isiyotumika hulegea.

Kuchuliwa kwa mafuta mgongoni, mbali na kidonda, baada ya kidonda kufunga, hakuna ubaya. Kukanyagwa mgongoni au kuvutwa "diski irudi" usikubali kamwe. Diski haisukumwi kurudi ndani.

## Maumivu yakirudi

Nitajuaje kama diski imetoka tena?

Jiulize kwanza maumivu yako wapi. Maumivu ya kiuno tupu, yanayokuja na kuondoka, ni ya kawaida kwa miezi kadhaa na mara nyingi hutulia kwa mazoezi. Kinachonitia shaka ni maumivu ya mguu yaliyokuwa yameondoka kabisa, kisha yakarudi kwa njia ileile, na yakaongezeka ukikaa au ukikohoa.

Kama maumivu ya mguu hayakuondoka hata siku moja baada ya upasuaji, hilo ni jambo tofauti. Huenda kipande kilibaki, au neva ilikuwa imeumia kwa muda mrefu, au tatizo lilikuwa kwenye diski nyingine. Rudi kwa daktari mapema, usihesabu miezi.

Dalili gani nisisubiri kesho?

Ganzi kati ya mapaja, sehemu za siri na pale unapokalia. Mkojo kukataa kutoka, au kutoka bila wewe kujua. Choo kutozuilika. Miguu yote miwili kulegea. Hizi ni dalili za kubanwa kwa fungu zima la neva, na saa zina maana. Usikandwe, usingoje foleni ya kliniki, usichome diklofenaki kwanza. Nenda hospitali kubwa usiku huohuo, kitengo cha dharura. Wayo unaoburuzika ghafla, hata bila hayo mengine, ni wa kwenda siku hiyohiyo.

Maumivu ya kiuno yameongezeka wiki ya tatu, na nina homa usiku.

Hii inaweza kuwa maambukizi ndani ya diski. Ishara yake ni kiuno kinachouma kuliko kabla ya upasuaji, hata ukijigeuza tu kitandani. Kidonda cha nje kinaweza kuwa kimefunga vizuri kabisa. Vipimo vya damu na MRI huonyesha, na wengi hutibiwa kwa antibiotiki za wiki nyingi. Wachache husafishwa kwa upasuaji.

Kwa kuwa tuko Tanzania, daktari atafikiria pia TB ya uti wa mgongo, hasa ukipungua uzito na kutoka jasho usiku. Mweleze kama nyumbani kuna aliyewahi kutumia dawa za TB.

Kwa nini wananiambia nirudie MRI, tena ya sindano?

Kovu linaweza kuizunguka neva na kuonekana kama diski kwenye picha ya kawaida. Dawa inayochomwa mshipani huingia kwenye kovu kwa sababu lina damu, nalo hung'aa. Kipande cha diski hakina damu, hubaki cheusi katikati. Tofauti hii ni kubwa: kipande kinaweza kuondolewa, kovu likikatwa huzaa kovu jingine. Mwenye ugonjwa wa figo aseme kabla ya kuchomwa.

## Upasuaji wa pili

Diski imetoka tena. Lazima nipasuliwe?

Si lazima. Kama mguu una nguvu na hakuna dalili za hatari, dawa, mazoezi, na pengine sindano kwenye mizizi ya neva hujaribiwa kwanza, kama mara ya kwanza.

Upasuaji wa pili hufaulu?

Diski iliyotoka tena baada ya miezi mizuri isiyo na maumivu hujibu vizuri, karibu kama mara ya kwanza. Wanaopata nafuu ndogo ni wale ambao tatizo lao ni kovu, au ambao hawakuwahi kupata nafuu kabisa. Hatari ya kutoboa utando unaofunika neva huwa kubwa zaidi, kwa sababu daktari anapita kwenye kovu. Likitokea, mara nyingi hushonwa palepale na ukalazwa chali siku chache.

Wamesema niwekewe vyuma. Ni lazima?

Kuunganisha pingili kwa vyuma kuna nafasi yake pale pingili zinapoteleza, au diski inapotoka mara ya tatu, au maumivu makubwa yako kiunoni kuliko mguuni. Kwa diski iliyotoka mara ya pili kwa mtu mwenye pingili imara, kutoa kipande tena mara nyingi hutosha. Hapa una haki ya kuomba maoni ya daktari mwingine. Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), iliyoanzishwa mwaka 1996, hupokea wagonjwa wa rufaa wa namna hii, na daktari mzuri haoni vibaya ukiomba.

Nina mimba, na niliwahi kupasuliwa diski. Nitazaa kawaida?

Upasuaji wa diski peke yake hauzuii kuzaa kwa njia ya kawaida. Waeleze mapema wanaotoa nusu kaputi, kwa kuwa sindano ya mgongoni inaweza kuwa ngumu kupita penye kovu.

Niende na karatasi gani?

Muhimu kuliko zote ni ripoti ya upasuaji, si karatasi ya kuruhusiwa peke yake. Omba nakala kabla hujatoka wodini. Ndani yake itaandikwa diski ipi, upande upi, kama kulikuwa na kipande kilichojitenga, tundu lilikuwa na upana gani, na kama utando ulitobolewa. Daktari wa pili akiwa nayo anajua anaingia wapi. Filamu za MRI, za zamani na mpya, ziweke kwenye bahasha yake, zisimame nyuma ya kabati. Chini ya godoro hujikunja, na nimeshaona picha ambayo mkunjo wake ulipita sawasawa juu ya L5-S1.